Tundu la Makula Baada ya Upasuaji: Namna ya Kuainisha Lilivyopona

Tundu la makula ni tundu linalotokea katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, pale panapoona vitu vidogo. Faili la mgonjwa wake likiandikwa "tundu limeziba" na kuishia hapo, daktari atakayelifungua baada ya miezi 6 hana pa kuanzia. Limeziba kwa retina yenyewe, au kwa kipande cha utando kilichowekwa humo makusudi? Picha ilipigwa gesi iliyotiwa kukandamiza tundu ikiwa bado ndani ya jicho au ilikuwa imekwisha? Na mwenye jicho, anaona nini?

Mwongozo huu ni wa madaktari walio katika masomo ya ubingwa wa macho, maafisa wa kliniki wa macho, na wale wanaoshika mashine ya OCT, ile inayopiga picha za mikato ya retina kwa mwanga. Hapa Nairobi ni kawaida mgonjwa kufanyiwa upasuaji hospitali ya Kenyatta, Loresho au Kikuyu, kisha akapigwa picha kituo kingine kilicho karibu na steji yake, na mwishowe akafuatiliwa katika hospitali ya kaunti ya kwao. Madaktari hao watatu huenda wasionane kamwe. Wanachoshirikiana ni karatasi, na karatasi hiyo ndiyo ninayotaka iandikwe vizuri.

Jambo moja litangulie. Kuziba kwa tundu ni habari moja, kuona kwa mgonjwa ni nyingine, na zimetenganishwa tangu mwanzo. Mwaka 1991 Kelly na Wendel walipotoa ripoti yao ya vitrektomi (upasuaji wa kuondoa ute wa ndani ya jicho) kwa tundu la makula, ugonjwa ambao hadi wakati huo wagonjwa walikuwa wakiambiwa hauna dawa, walieleza macho 52. Matundu yaliziba katika asilimia 58. Kati ya hayo yaliyoziba, asilimia 73 ndiyo yaliyopata nafuu ya mistari miwili au zaidi kwenye chati. Jaribio la Uingereza lililochapishwa 2011 lililinganisha kubandua na kutobandua ule utando wa ndani kabisa wa retina, ambao madaktari huuita ILM. Baada ya mwezi mmoja, matundu yalikuwa yameziba kwa asilimia 84 upande wa waliobanduliwa na asilimia 48 upande wa pili. Ilipofika miezi 6, uoni wa mbali wa makundi hayo mawili haukutofautiana kwa kiasi cha kutajika, ingawa wengi waliobaki na tundu wazi walikuwa wamesharudishwa chumba cha upasuaji. Ndiyo sababu rekodi inayotoa jibu moja kwa maswali mawili haitoshi.

Hatua ya 1: Anza na picha ya kabla ya upasuaji

Huwezi kupima safari bila kujua ilianzia wapi. Tafuta picha ya OCT ya mwisho kabla ya upasuaji na uandike upana wa tundu mahali lilipo jembamba kabisa. Mstari wa kupimia ulale sambamba na tabaka la seli za rangi lililo chini ya retina, lile la RPE. Usiupandishe mshazari kufuata kingo. Pima kwenye mkato unaopita katikati ya tundu, kwa sababu mkato wa pembeni hulifanya lionekane dogo kuliko lilivyo.

Kwa mgawanyo wa kimataifa wa 2013, tundu lisilozidi mikromita 250 ni dogo, kutoka hapo hadi 400 ni la kati, na zaidi ya 400 ni kubwa. Hilo kundi la mwisho lilikuwa limebeba mengi mno: tundu la 420 na la 1,100 hayapaswi kuitwa jina moja. Mwaka 2023 kundi la watafiti la CLOSE liliyagawa matundu makubwa kwa mipaka ya 550, 800 na 1,000. Mimi napendekeza uandike namba yenyewe. Majina ya makundi hubadilika kila baada ya miaka michache, lakini mikromita 430 zitabaki 430.

Ongeza uoni wa kabla ya upasuaji, muda ambao mgonjwa amekuwa na dalili, na kama jicho liliwahi kugongwa au lina myopia kali (kutoona mbali). Hayo matatu hubadilisha matarajio.

Hatua ya 2: Jua kilichofanywa chumba cha upasuaji

Mambo mawili ni ya lazima: ILM ilifanywaje, na jicho lilijazwa nini.

Kuhusu ILM, kuna kuibandua na kuitoa, na kuna kubandua sehemu yake na kuikunja ifunike tundu. Mbinu hii ya pili, iliyoelezwa na Michalewska na wenzake wa Poland mwaka 2010, hutumiwa zaidi kwa matundu makubwa. Wapo pia wanaoweka kipande cha utando wa kondo la nyuma. Asiyejua kwamba utando ulikunjwa atatazama picha, aone kitu cha kijivu kimejazana ndani ya tundu, aandike "kovu" au "mabaki". Kumbe hiyo ndiyo kazi yenyewe ya mpasuaji.

Kuhusu gesi, hewa ya kawaida huisha kwa takriban wiki moja, SF6 kwa kama wiki mbili, na C3F8 hukaa wiki 6 hadi 8. Andika aina ya gesi na tarehe, ndipo ujue picha ya leo inasema nini.

Hapa kuna jambo la nchi yetu ambalo miongozo ya ng'ambo hailitilii mkazo. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Gesi iliyo ndani ya jicho hupanuka mtu anapopanda juu, na presha ya jicho hupanda nayo. Aliyefanyiwa upasuaji Mombasa akapanda treni kuja kwa wanawe Nairobi gesi ikiwa bado nyingi, yumo hatarini hata kama hajakaribia uwanja wa ndege. Aliyefanyiwa hapa na nyumbani kwake ni Nyahururu, vivyo hivyo. Na anayekwenda Naivasha hupanda kupita Limuru kabla ya kuteremka Bonde la Ufa. Kwa hiyo swali la "unaishi wapi, na utarudi kwa njia gani?" ni swali la kitabibu kabisa. Ndege ni marufuku hadi gesi iishe. Akihitaji ganzi ya kulala kwa sababu nyingine yoyote, daktari wa ganzi lazima aambiwe, maana gesi ya naitrasi oksaidi huipanua ile ya jichoni ghafla.

Hatua ya 3: Piga picha inayoaminika

Makosa mengi ya uainishaji huanzia hapa wala si kwenye kusoma picha. Mgonjwa aliyekuwa na tundu la makula amezoea kutazama kwa pembeni. Ukimwambia atazame mbele, jicho lake hutafuta sehemu ya retina inayoona vizuri zaidi, na sehemu hiyo si fovea, yaani kitovu cha makula. Juu ya hayo, mstari wa kupigia picha unapotembea, wengi huufuata kwa macho. Mwambie waziwazi kabla hujaanza: "Mzee, tazama ule msalaba tu. Utaona mstari unapita, uache upite." Asipouona msalaba, tumia alama kubwa zaidi au umtazamishe kwa jicho la pili. Mtilie machozi ya bandia ikiwa uso wa jicho umekauka.

Kisha usiridhike na mkato mmoja. Fanya hesabu hii: mistari ya picha ikiwa imeachana kwa mikromita 240, tundu lililosalia la mikromita 150 linaweza kukaa katikati ya mistari miwili bila kuguswa na hata mmoja. Utaona retina nzuri juu, retina nzuri chini, na utaandika "limeziba" kwa moyo mweupe. Piga mistari iliyosongamana katikati ya makula, ya ulalo na ya wima, kisha pitia mkato baada ya mkato kwa mkono, polepole. Mashine ikiwa na uwezo wa kurudia mahali palepale ilipopiga mara iliyopita, utumie kila mara.

Je, gesi ikiwa bado imo? Mgonjwa akikaa wima, gesi huelea juu na maji hukaa chini. Mpaka wake ukiwa bado chini ya makula, gesi imeifunika na kwa kawaida picha haisomeki. Gesi ikipungua hadi ukingo wake wa chini uwe juu ya makula, picha inasomeka vizuri. Kati ya hapo ni kubahatisha. Mashine za kisasa huweza kupenya gesi na kuonyesha kama tundu limeziba hata siku chache baada ya upasuaji, na hiyo husaidia kuamua kama mgonjwa aendelee kuinamisha uso. Lakini picha hiyo haitoshi kuhukumu matabaka.

Hatua ya 4: Je, liko wazi au limeziba?

Tafuta kitovu cha fovea na uulize: juu ya tabaka la RPE, kuna tishu yoyote inayounganisha upande huu na ule? Kama hakuna, RPE iko uchi na tundu liko wazi, hata kama kingo zimelala vizuri. Kama kuna daraja la tishu juu, na chini yake kumebaki kijishimo cheusi cha maji, tundu limeziba. Hicho kijishimo ni kasoro ya tabaka la nje ambayo mara nyingi huendelea kupungua kwa miezi.

Ukisema liko wazi, hujamaliza. Eleza kingo. Mfumo wa Rossi na wenzake wa 2020 una vikundi vitatu: 0A kingo zimelala juu ya RPE, 0B zimeinuka, 0C zimevimba kwa maji ndani yake. Tundu ambalo kingo zake zimeinuka au zimevimba kwa kawaida lina matumaini zaidi ya kuziba likifanyiwa upasuaji wa pili kuliko lile ambalo kingo zimelala zikagandamana na RPE. Mpasuaji anayesoma barua yako huamua mengi kwa kutazama herufi hiyo moja.

Sasa tufike kwenye mtego wenyewe, ambao naukuta kwenye barua za rufaa kuliko kosa lingine lolote: "aina ya 2". Mwaka 2003 Kang na wenzake wa Korea waligawa matundu *yaliyoziba* mafungu mawili. Aina ya 1: retina imeungana na hakuna pengo. Aina ya 2: kingo zimelala na kushikana na RPE pande zote, lakini katikati RPE bado iko uchi. Wao walihesabu hii ya pili kuwa kuziba, kwa kuwa maji yaliyoinua kingo yameondoka. Miaka 17 baadaye Rossi aliichukua picha hiyohiyo, kingo zimelala na katikati wazi, akaiita 0A, yaani tundu *wazi*. Na lile jina la aina ya 2 akalipa kitu tofauti kabisa: tundu lililoziba kwa tishu ya kujaza.

Tazama matokeo yake. Daktari mmoja anaandika "aina ya 2" akimaanisha retina haijaungana. Anayepokea anasoma "aina ya 2" akaelewa utando ulikunjwa, ukajaza, na kazi imekwisha. Mgonjwa ambaye pengine angefaidika na upasuaji wa pili anapewa tarehe ya mwaka ujao. Hata asilimia za mafanikio zinazotangazwa hupanda au kushuka kulingana na mfumo: kituo kinachohesabu kwa Kang kitaonekana bora kuliko kinachohesabu kwa Rossi, wapasuaji wakiwa na mikono ileile. Kwa hiyo usiandike namba bila jina la mfumo, kamwe. Andika "Kang 2" au "Rossi 2B". Na ikiwa katikati RPE iko uchi, mimi nashika upande wa Rossi: liite wazi, kisha eleza kwamba kingo zimelala.

Hatua ya 5: Limeziba kwa namna gani?

Umbo la nje ni rahisi. Tangu 1999, Imai na wenzake walitumia herufi tatu: U kwa bonde la kawaida la fovea, V kwa bonde lenye kuta kali, W kwa lile ambalo RPE imebaki wazi katikati. Hiyo W ndiyo Kang 2 na ndiyo Rossi 0A. Jambo lilelile kwa majina matatu. U na V zinafaa kuandikwa, lakini usizitegemee peke yake, kwa sababu bonde zuri la U linaweza kufunika tabaka la nje lililokatika.

Matabaka ndiyo yenye habari. Kwa Rossi, 1A ni pale matabaka yote yamerudi mahali pake. 1B ni pale ya nje yamekatika. 1C ni pale ya ndani ndiyo yamekatika. Kama kuna tishu ya kujaza, tunaingia aina ya 2: 2A tishu imepita matabaka yote, 2B ya ndani yamejijenga upya juu yake, 2C ya nje ndiyo yaliyojijenga, na 2D ni daraja lenye umbo la herufi H.

Kwenye 1B ndipo pa kukaa zaidi, maana huko ndiko wagonjwa wengi hupitia. Tazama mistari miwili myeupe iliyo juu ya RPE. Wa juu, mwembamba, ni ELM, mstari wa maungio ya seli zinazopokea mwanga na seli zinazozishikilia. Wa chini yake, mnene zaidi, ni EZ, unaoonyesha hali ya seli hizo zenyewe. Uponaji una utaratibu wake: tishu ya ndani huungana kwanza, ELM hufuata, EZ huja mwisho. Ukiona EZ inaonekana nzima huku ELM imekatika, rudia picha kabla hujaamini. ELM iliyoungana mapema ni dalili njema ya uoni utakaokuja. Pima pengo la kila mstari kwa mikromita, kwa sababu neno "limepungua" lisilo na namba halimsaidii mtu katika ziara ijayo.

Usipite bila kutaja vingine vilivyomo: uvimbe wa maji kwenye makula, utando mpya juu ya retina, vijishimo vidogo kwenye tabaka la nyuzi za neva pale ILM ilipobanduliwa. Hivi vya mwisho huonekana sana na kwa kawaida havimsumbui mgonjwa.

Hatua ya 6: Pima anavyoona, kando na picha

Pima kwa mita 6 au kwa chati ya LogMAR, akiwa na miwani yake, kisha kwa kibao cha vitundu. Kwa asiyesoma, tumia herufi E inayogeuzwa. Mahali pasipo na chati nzuri, programu ya simu ya Peek inafaa. Ilijaribiwa hapahapa Kenya, Nakuru, na matokeo yake yakachapishwa 2015. Muhimu ni kutumia njia ileile kila ziara.

Mpe karatasi ya miraba ya Amsler na umwambie achore mahali mistari inapojikunja. Mtazamishe mwale mwembamba wa darubini ya macho: akisema mstari umekatika katikati, tundu lina uwezekano wa kuwa wazi, akisema umebanwa tu kiunoni, huenda limeziba na bado linajipanga. Msikilize pia kwa lugha yake. "Nguzo za stima zimenyooka, lakini nikishona sindano inanipotea" ni taarifa kamili: upotofu umepungua, uoni wa karibu bado.

Kisha mtafute mwizi wa kila mara, mtoto wa jicho. Kwa mtu wa zaidi ya miaka 50, vitrektomi huharakisha mtoto wa jicho, na wengi huhitaji kutolewa ndani ya miaka miwili. Mgonjwa aliyekuwa 6/18 mwezi wa tatu akawa 6/36 mwezi wa kumi si lazima tundu limefunguka. Angalia lenzi kwanza, angalia OCT, ndipo uandike.

Hatua ya 7: Chagua wakati wa kuainisha

Mwezi wa kwanza unajibu swali la wazi au limeziba. Mwezi wa tatu unaanza kuonyesha matabaka, na EZ inaweza kuendelea kujijenga hadi mwaka na kupita. Kwa hiyo 1B ya mwezi wa kwanza huweza kuwa 1A ya mwezi wa tisa bila mtu kufanya lolote. Usifute ya zamani; ongeza mpya chini yake pamoja na tarehe. Tundu lililoziba likafunguka tena liandikwe "limefunguka", lisichanganywe na lile ambalo halikuziba tangu mwanzo, kwa kuwa sababu zake na tiba yake huweza kutofautiana.

Hatua ya 8: Andika

Hivi ndivyo rekodi ya mgonjwa wa kufikirika ingekaa:

"Jicho la kulia, wiki ya 13 baada ya vitrektomi. ILM imebanduliwa, haikukunjwa. SF6, imekwisha. Kabla: tundu mikromita 430, uoni 6/60, dalili miezi 5. Sasa: limeziba, Rossi 1B, umbo U. ELM imeungana, EZ ina pengo la mikromita 110. Hakuna uvimbe. Uoni 6/24, kwa kibao 6/18. Mtoto wa jicho wa wastani. Amsler: mistari inajikunja kidogo juu kushoto. Mikato imesongamana, picha ni safi. Arudi mwezi wa 6."

Inachukua dakika mbili. Kwa mgonjwa mwenyewe maneno yawe machache zaidi, na yasiwe ya kumpamba: "Mama, tundu limeziba. Sehemu ya chini bado inajijenga, itachukua miezi. Miwani usibadilishe sasa." Akiona ghafla nzi weusi wengi, mimweko, au kivuli kinachoingia kutoka pembeni, aje siku hiyohiyo, kwa sababu retina inaweza kubanduka baada ya upasuaji huu.

Kabla hajainuka kitini, piga picha ya jicho la pili pia, hata kama halina lalamiko. Angalia kama ute wa jicho bado umeshika fovea na unaivuta. Kama umeshaachia, hatari ya tundu upande huo ni ndogo sana. Kama bado umeshika, mfundishe kuziba jicho moja kwa kiganja kila asubuhi na kutazama fremu ya mlango, na uandike tarehe ya picha hiyo kwenye faili lilelile.